Mkanju Uliokatwa Mjambere

Ng'ambo, 12 Machi 1944

Kwa dada yangu mpenzi Selpher Jumwa,

Shikamoo dada. Baada ya salamu nyingi katika jina la Bwana, mimi mdogo wako sijambo, na naomba barua hii iwakute nanyi mu wazima: wewe, shemeji huko kazini Changamwe, mwanao Kadzo, na zaidi ya wote baba. Mwambie shikamoo mara mbili, moja ya leo na moja ya Krismasi, kwa kuwa kadi niliyomtumia nasikia haikufika. Mahali nilipo siruhusiwi kupataja. Nikipataja, afisa anayesoma barua zetu atapakata kwa mkasi, nawe utapokea karatasi yenye madirisha. Niseme tu kwamba kuna minazi, na wenyeji hula wali kwa nazi kama sisi, ila pilipili yao ni ya adhabu.

Kazi yangu ni ile ile ya kuwafundisha askari kusoma. Juzi dereva mmoja Mmarekani, mweusi kama mimi, alinipa kitabu kisicho na jalada. Ni maisha ya mwanasheria wa kwao wa miaka mia iliyopita, jina lake Ezra Toliva. Dada, sijapata kusoma kitu kikanishika namna hii. Toliva alizaliwa mpakani kabisa, mahali nchi ya serikali ilipokuwa ikiishia na msitu kuanza. Hakusoma shule. Alikuwa mvushaji wa watu mtoni, kwa chombo cha kusukuma kwa upondo. Siku moja abiria asiye na nauli alimwachia kitabu cha sheria, naye akawa anakisoma ng'ambo hii akingoja watu, na ng'ambo ile akingoja watu. Alipofika miaka ishirini na mitatu alisimama mbele ya mahakimu watatu, wakamuuliza maswali mpaka wakachoka wao, wakampa ruhusa ya kutetea. Basi akanunua farasi mzee, akawa anazunguka korti hadi korti, akiwasemea wakulima ambao hawakuwa na mtu.

Kila jioni nawasomea askari sura moja kwa Kiswahili. Na mimi nimekata shauri. Vita vikiisha narudi Mjambere, nitasimama niwe msemaji wa watu wetu barazani. Mtu asiye na mkubwa wa kumsemea nitamsemea mimi.

Niambie habari za wale watu waliokuja na hati. Wamerudi?

Ni mimi mdogo wako,
Gershom Kitsao


Mjambere, Kisauni, 2 Mei 1944

Kwa ndugu yangu Gershom,

Marahaba. Twamshukuru Mungu barua yako imefika bila dirisha hata moja, labda yule afisa naye alitaka kujua habari za Toliva. Sisi hatujambo. Kadzo ameota meno ya mbele na anauma kila anayempenda. Shemeji yako huja Jumamosi, hulala, hula, hurudi Changamwe. Ukiniuliza anafananaje nitasema ni mgongo wa mtu aliyelala. Jirani yetu Agneta kajifungua mapacha, wote wanaume, na mumewe tangu siku hiyo atembea kama kanunua gari.

Baba nimemsomea barua yako mara tatu. Mara ya nne aliisoma mwenyewe, maana yake aliishika tu na kuitazama, huku akisema maneno yote kwa kichwa bila kukosea. Amemwita Toliva "yule mvushaji mwenzetu", kama kwamba amewahi kuvuka naye Likoni. Na hilo la wewe kusimama barazani, Gershom, amewaambia watu wa nyumba zote sita. Sasa hata mtu akiibiwa kuku huambiwa angoje, Gershom yuaja.

Wale watu wamerudi. Walikuja na mnyororo wa kupimia na kidude cha shaba cha kuchungulia. Wasema ardhi yote hii imeandikwa kwa jina la babu yao, na nyumba zote sita lazima zihame. Hakimu ataisikiliza kesi mwezi wa Agosti. Sisi karatasi hatuna. Tulicho nacho ni mkanju wetu wa korosho pale pembeni, njia ya kisimani. Wajua kwamba babu Ruwa aliupanda mwaka aliotoka Kaloleni kwa njaa, baada ya mwenye mahali kumpa ruhusa kwa mdomo. Shahidi siku hiyo alikuwa mfanyabiashara Mdigo wa Likoni. Huyo amekufa, lakini mwanawe, Mzee Boga wa Timbwani, aliachiwa maneno yale na babake, na amekubali kuvuka aje aseme. Tumemwomba atuambie kwanza atasema nini. Amekataa. Asema shahidi anayemwaga maneno yake kabla ya kiapo huwa amefundishwa, na yeye hajafundishwa na mtu. Baba amemheshimu kwa hilo, hakuuliza tena.

Lakini usiku halali vizuri. Ameniambia andika hivi: Je, Toliva aliwahi kusimamia kesi ya ardhi ya mtu asiye na karatasi? Na alishinda kwa njia gani? Ukijibu, jibu upesi.

Ni mimi dada yako,
Jumwa


Ng'ambo, 28 Juni 1944

Dada mpenzi,

Shikamoo. Wasalimu mapacha wa Agneta, na mwambie Kadzo asiyamalize meno kabla sijafika. Mimi sijambo, ila tumeambiwa tufunge mizigo, na barua zitachelewa.

Mwambie baba ndiyo. Toliva aliisimamia kesi kama hiyo hiyo yetu, na ndiyo iliyompa jina. Palikuwa na mjane, mumewe alifyeka msitu akajenga, karatasi hakuwa nayo. Akatokea tajiri na hati, akasema mjane kaingia juzi. Mjane akasema mimi na marehemu tumekaa hapa miaka thelathini na mmoja, siku tuliyofika tulipanda mti huu. Mti wenyewe ni mwaloni, ule ule wa Ibrahimu katika Biblia. Tajiri akacheka, nani atajua mti una miaka mingapi? Toliva akasimama akasema, "Basi tuuulize mti."

Akaagiza mwaloni ukatwe. Kipande cha shina kikaletwa kortini, kikawekwa mbele ya hakimu. Ndani ya mti, dada, mna duara moja kwa kila mwaka, kama maji ukitupia jiwe. Hakimu mwenyewe akahesabu kwa ncha ya kalamu: thelathini na moja. Tajiri akachukua kofia yake akatoka. Askari wangu niliposoma hapo walipiga makofi mpaka sajenti akaja kuuliza kuna nini.

Mwambie baba asiogope watu wa karatasi. Haki ipo, ila yataka mtu wa kuifunua.

Ni mimi,
Gershom


Mjambere, 10 Septemba 1944

Kwa ndugu yangu Gershom,

Marahaba. Sisi hatujambo. Kadzo alipata surua akapona. Mvua za mwaka zimepita vizuri, mahindi si haba. Pacha mmoja wa Agneta, yule mdogo, hana nguvu. Shemeji yako akusalimu.

Kesi ilisikizwa. Bado kuna mambo ya kumalizia, nitakueleza yakiisha. Korosho mwaka huu hatutakuwa nazo, kwa hiyo usingoje kifurushi.

Kwa sasa usituandikie habari za Toliva. Baba ana kazi nyingi.

Jihadhari na nafsi yako.
Jumwa


Ng'ambo, 3 Desemba 1944

Dada yangu Jumwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata kwenye matope yanayofika magotini. Hapa tulipo mvua hainyeshi, inamwagwa. Wawili katika wale waliokuwa wakinipigia makofi hawapo tena, na mmoja alikuwa ameanza kuandika jina lake mwenyewe bila kutazama ubao. Nilimwandikia mamake mimi, nikamwambia mwanawe hakuumia. Sijui kama hakuumia.

Barua yako ni fupi, nayo haifanani nawe. Umeniambia habari za surua kwa mistari miwili na habari za kesi kwa mstari mmoja. Kesi gani husikizwa ikabaki mambo ya kumalizia? Na baba ana kazi gani nyingi, mzee wa miaka sabini?

Sikukusudia kukuandikia habari za Toliva, lakini nikikaa kimya huku nasikia mambo mengine, kwa hiyo nivumilie. Baada ya kesi ya mjane wakulima walimsimamisha awe mjumbe wao. Mara ya kwanza alishindwa. Mara ya pili alikwenda nyumba hadi nyumba kwa farasi yule mzee, akala walichokula, akabeba watoto wao, akashinda. Alipelekwa baraza kubwa la nchi yao, mwendo wa wiki tatu kutoka kwao. Nikisoma hapo najiona mimi.

Dada, nakuuliza na unijibu kwa kweli. Kwa nini hatuna korosho?

Gershom


Mjambere, 18 Februari 1945

Kwa ndugu yangu Gershom,

Marahaba. Barua yako imefika jana, nami leo nimemwacha Kadzo kwa Agneta ili niandike bila kuvutwa kanga. Yule pacha mdogo alifariki mwezi uliopita.

Umeuliza, basi nakujibu. Hatuna korosho kwa sababu baba aliukata mkanju.

Barua yako ya mjane ilifika wiki moja kabla ya kesi. Nilimsomea. Akaniambia nisome tena pale pa hakimu na kalamu. Siku mbili alinoa shoka. Watu walipita wakamuuliza, mzee, wataka kujenga? Akawajibu, mtaona. Siku ya tatu akaukata, peke yake, hakutaka msaada. Kisha akaazima msumeno kwa mume wa Agneta, akatoa kipande cha shina kama kiti cha mbuzi ya kukunia nazi kwa unene, akakiosha kwa maji, akakipangusa kwa kanzu yake ya kanisani. Mimi, Gershom, nilimpa leso yangu akifunike. Sikumzuia. Nilikuwa nimesoma barua ile kwa kinywa changu mwenyewe na niliiamini kama yeye.

Tulikisukuma kwa mkokoteni mpaka daraja la Nyali, tukavuka, tukaingia nacho kortini. Wakili wa wale watu aliuliza, "Mzee, hii umetuletea meza?" Watu wakacheka. Baba akasema kwa adabu, "Bwana hakimu, naomba uhesabu." Hakimu si mtu mbaya. Alivaa miwani, akainama, akatazama sana. Ndani mlikuwa na rangi moja ya kahawia na michirizi isiyofika popote. Duara hata moja halikuonekana. Akasema, "Mzee wangu, sioni cha kuhesabu." Baba akakigeuza upande wa pili. Hata upande wa pili hapakuwa na kitu.

Kisha akaitwa Mzee Boga. Alikuwa amevuka alfajiri kutoka Likoni, moja kwa moja mpaka kortini, huku kwetu hakupita. Akaapa kwa msahafu, akasema maneno aliyoachiwa na babake, nami nayaandika kama alivyoyasema: "Mwenye mahali alimwambia Ruwa, kaa hapa wewe na watu wako na watoto wa watoto wako muda wote mkanju huu utakaokuwa umesimama. Siku utakapolala chini, mahali parudi kwangu au kwa wangu."

Hakimu akaandika. Akasema ushahidi huo ni mzuri, na kwamba ahadi ya namna hiyo angeiheshimu. Akamuuliza, "Na mti umesimama?" Mzee Boga aligeuka akatutazama sisi, akatazama ile leso. Kisha akasema, "Wallahi, bwana hakimu, mti ndio huu hapa mezani."

Tumepewa mpaka mwisho wa Machi. Nyumba zote sita. Wengine wamekwisha kubomoa, wanachukua miti ya kujengea na milango. Majirani hawatusalimii isipokuwa Agneta, naye hutusalimu kwa macho. Mzee Boga alikuja hapa akalia mbele ya baba kama mtoto. Ametupa mahali kwake Timbwani, tutahamia huko.

Sikukuandikia kwa sababu baba alinikataza. Alisema uko vitani, usipelekewe mzigo. Wala hakulaumu. Yeye aona kosa ni la mikono yake. Kila siku huniuliza neno moja, nami nimechoka kusema sijui, kwa hiyo nakuuliza wewe: Toliva aliukata mwaloni kwa urefu gani kutoka chini? Baba aliukata kwenye goti. Afikiri labda pale duara hazijaanza, kwamba angeukata kwenye kifua zingeonekana. Nijibu hilo, ndugu yangu, angalau apate kulala.

Jumwa


Hospitali ya jeshi, 30 Juni 1945

Dada yangu,

Shikamoo. Usiogope hilo neno hospitali, ni homa tu na sasa nimepona. Barua yako niliipata mwezi wa Machi. Nimeandika majibu matatu na yote nimeyararua. Hili sitalirarua.

Mwambie baba Toliva hakuukata kwenye goti wala kwenye kifua. Hakuukata kabisa.

Kitabu kile nilichopewa hakikuwa kimekosa jalada tu. Askari walikuwa wamekichanachana kwa kuvutia sigara. Katika kesi ya mjane, ukurasa wa themanini na nane Toliva anasimama anasema, "Basi tuuulize mti." Ukurasa unaofuata ni wa tisini na saba, na hapo mjane yuko nyumbani kwake anapika na watu wanampa mkono. Karatasi nne katikati hazikuwepo. Baba alikuwa ameuliza, alishinda kwa njia gani, nami sikujua. Ningeandika sijui. Ningemwambia baba, mwanao hajui, karatasi zimevutwa. Lakini nilikuwa mwalimu, nilikuwa msemaji wa watu, nimewaahidi askari jioni ile kwamba nitawamalizia. Sajenti mmoja Mzungu aliwahi kuniambia miti ya kwao ina duara moja kwa mwaka. Nikachukua hilo nikalitia katika pengo. Hakimu na kalamu yake, thelathini na moja, tajiri na kofia, yote niliyatunga mimi kwa dakika kumi, na makofi yalinipendeza.

Baada ya barua yako nilimwendea yule sajenti nikamuuliza kwa nini mkanju hauna duara. Akasema miti ya kwao hulala wakati wa theluji, na kila ikiamka huacha mstari. Ya kwetu hailali. Alidhani namuuliza kwa elimu tu.

Hapa hospitali pana kabati la vitabu. Mwezi huu nimekikuta kile kitabu, kizima. Nilikaa nacho siku nzima kabla ya kukifungua. Toliva alimwomba hakimu ainuke kitini, na korti yote ikatoka, ikatembea maili mbili mpaka kwenye mwaloni. Palikuwa na mzee mmoja aliyekuwepo siku mti ulipopandwa. Toliva akamwambia aweke mkono kwenye gome aseme alichosikia. Akasema, na hakimu akatoa hukumu pale pale, mti ukiwa umesimama.

Baba alikuwa na mti na alikuwa na Mzee Boga. Alikuwa na kila kitu alichokuwa nacho Toliva. Alichozidishiwa ni mimi.

Kitabu nimekimaliza. Toliva alikaa katika baraza kubwa miaka kumi na miwili. Aliporudi kwao alikuta daraja limejengwa, watu wanavuka bila mvushaji, na hakuna mtu mtoni aliyemjua. Alifia chumba cha kupanga.

Mwambie baba yote haya. Mwambie na kwamba namwomba radhi kwa magoti.

Gershom


Timbwani, Likoni, 2 Septemba 1945

Kwa Gershom,

Baba alifariki tarehe kumi na moja Mei. Barua yako ilinikuta bado nimenyoa kichwa.

Nilitaka kukutangulizia salamu kama ada, nikashindwa. Shemeji yako na Kadzo ni wazima.

Nina hasira nawe, nami sitakuficha. Si kwa sababu ya uongo, maana kila mtu huongeza chumvi anaposimulia, hata mimi. Nina hasira kwa barua zile tatu ulizorarua. Moja ingemkuta hai. Siku yake ya mwisho aliniambia, "Gershom amejibu?" Nikasema bado. Akasema, "Basi ilikuwa kifua." Ndilo neno lake la mwisho lenye maana, na mimi nililikubali, nikamwambia naam baba, ilikuwa kifua.

Sasa nakuambia jambo ambalo alinikataza kabisa. Watu wa zile nyumba nyingine tano hawajui habari ya barua yako. Baba hakumwambia mtu ni nani aliyemfundisha kukata. Aliulizwa kortini, akasema ni mawazo yake. Akaulizwa na majirani, akasema ni mawazo yake. Mimi alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu atarudi awasemee watu hawa. Wasimchukie kabla hajafika." Basi watu wakatafuta sababu wenyewe. Wengine wakasema kaingiwa na wazimu. Wengi wao wakasema alihongwa na wale wenye hati aukate, na hicho kipande cha mti kilikuwa mchezo wa kuwafumba macho. Baba yetu, Mzee Karisa, Gershom, ndiye aliyekuwa akiamua ugomvi wao. Alipita njiani wakamtemea mate kando ya miguu. Aliyavumilia miezi tisa akakuhifadhi wewe.

Tulimzika hapa, pembeni ya shamba la Mzee Boga. Watu wa Boga walichimba kaburi, ingawa si wa dini yetu, na mwalimu wa kanisa alivuka kuja kusoma. Katika zile nyumba tano hakuja mtu, ila Agneta, naye alijifunika leso uso mzima asijulikane.

Tarehe ishirini na tatu Desemba tutamaliza matanga. Mzee Boga amekwenda kwao mmoja mmoja kuwasihi, na kwa heshima yake wamekubali kuja. Wewe bado wanakungoja. Juzi mume wa Agneta aliniuliza, huyo ndugu yako aliyesoma atarudi lini atusemee, pengine yeye hana moyo wa babake. Nikamuaga, na midomo yangu iliniuma.

Nimeapa kwa baba kwamba sitasema. Wewe hukuapa. Siwezi kuchagua kati yenu wawili, nyote ni wangu. Fanya utakavyoona.

Jumwa


Kambi ya kungojea meli, 20 Oktoba 1945

Dada yangu Jumwa,

Shikamoo. Meli yetu haijatajwa, sitawahi Desemba. Karatasi ya pili iliyo ndani ya barua hii ni ya watu wa nyumba zote, si yako peke yako. Tarehe ishirini na tatu, wakiisha kukaa, mpe Mzee Boga aishike mbele yao, kisha uisome wewe kwa sauti. Hukuapa kutosoma. Ukifika mwisho usiongeze neno la kunitetea.

Mdogo wako,
Gershom


Kwa wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu wa Mjambere,

Shikamooni. Poleni kwa msiba, na poleni kwa makao mliyopoteza.

Mimi ni Gershom Kitsao, mtoto wa Karisa wa Ruwa. Mwezi wa Mei mwaka jana babangu aliniuliza kwa barua namna ya kuilinda ardhi yenu. Sikujua, nikaona haya kusema sijui, nikamtungia hadithi ya mti uliokatwa ukahesabiwa miaka kortini. Nilimwandikia kwamba ni habari ya kweli kutoka kitabuni. Haikuwemo kitabuni. Aliukata mkanju kwa ajili ya hadithi hiyo. Hakuhongwa na mtu, na akili zake zilikuwa timamu mpaka siku ya kufa.

Alikataa kunitaja ili mnipokee nitakaporudi. Nami nawaambia msinipokee kwa kazi ile aliyowaahidi. Tafuteni mtu mwingine wa kuwasemea barazani.

Ninalowaomba ni moja. Babangu alizikwa bila ninyi. Mkimaliza kusikiliza karatasi hii, inukeni mwende pale alipolala, kila nyumba mtu wake, mmwambie pole mzee. Sisi watoto wake tumemwambia mara nyingi, lakini hakuwa akiingoja kutoka kwetu.

Gershom Kitsao Karisa